Namba 91 iliyonidanganya Sekenke

Tulikuwa tunapanda mlima Sekenke kutoka upande wa Igunga kuelekea Singida, madumu manne ya asali nyuma, mpwa wangu pembeni. Oktoba, saa nane mchana, lile joto la kabla ya mvua ambalo hata mbwa anaona uvivu kubweka. Lori lililokuwa mbele lilitambaa mpaka tukafika pahali peupe. Nikaiacha gari gia ya nne, nikakanyaga. Badala ya kuchomoka, Forester ikatoa mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa. Nikaachia mafuta, mlio ukakoma. Nikakanyaga kidogo, ukarudi.

"Mjomba, nini hiyo?"

"Mafuta mabaya hayo," nikamjibu bila hata kufikiri. Huku kwetu gari ikikohoa, mshtakiwa wa kwanza ni sheli.

Nieleze gari yenyewe. Ni Subaru Forester ya tabo, yaani yenye kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, ile bodi ya SG5, injini ya lita mbili. (Ndiyo, tabo ndani ya Tabora, utani huo nimeshausikia kila kijiwe.) Niliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa ameshaichezea: ekzosi kubwa, presha ya tabo imepandishwa hadi baa 1.1, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeandikwa upya. Fundi aliyeiandika alinihakikishia kwa simu: "Kaka, humo nimeweka faili la 91. Petroli yetu iko juu ya hapo, hata huko Tabora itakunywa bila shida." Hesabu ilinikaa vizuri kichwani. Faili, yaani maelekezo ya injini, linataka petroli ya okteni 91, mafuta yanazidi 91, basi nina akiba. Nikaendesha miezi minne kwa raha zangu.

Niliporudi kutoka Singida nilikwenda moja kwa moja sheli ninapojaza siku zote, nimejaa maneno. Kijana wa pampu hakuwa na la kunijibu, maana pampu yenyewe imeandikwa neno moja tu, Petroli, bila namba yoyote. Akamwita meneja. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha foleni ya bodaboda. "Hawa wote wanakunywa hapa tangu asubuhi, baba. Anayegonga ni wewe peke yako." Akanikumbusha kuwa mafuta yanawekewa vinasaba, yaani alama za siri za kuyatambua, na EWURA, wadhibiti wa nishati, wakija kupima wakakuta yamechanganywa, anafungiwa yeye, si mimi. Kweli mafuta ya taa yakitiwa kwenye petroli yanashusha okteni vibaya sana, na ndiyo sababu ya vinasaba hivyo kuanza mwaka 2010. Lakini mafuta ya taa yangezitesa hata hizo bodaboda. Niliondoka kichwa chini.

Kutoka hapo nikaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya miembe, mtu aliyezoea malori na Land Cruiser za tumbaku. Nilimdharau kidogo moyoni, nakiri. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakufungua boneti. Alifungua kifuniko cha tanki la mafuta, akagusa kistika cha Kijapani ambacho sijawahi kukitazama mara mbili.

"Kabla hujauliza sheli wanauza nini, bwana asali, uliza gari yako ilifundishwa kunywa nini."

Mpwa wangu akakipiga picha, simu ikatafsiri: petroli ya primiamu, isiyo na risasi. Japani wana madaraja mawili. La kawaida kwa kiwango chao halipungui okteni 89, la primiamu halipungui 96, na linalouzwa kwenye vituo mara nyingi linakaribia 100. Kumbe hata kabla fundi wa Dar hajaigusa, hii gari ilitoka kiwandani ikitegemea mafuta bora kuliko ya jirani yangu mwenye IST. Nami nikaiongezea presha juu yake.

Hapa niseme kitu ambacho mimi mwenyewe nilikikosea miaka yote. Okteni si nguvu ya mafuta. Ni uvumilivu wake. Hewa na petroli zikibanwa ndani ya silinda zinapata joto, na mafuta yasiyo na uvumilivu yanalipuka yenyewe pembeni wakati moto wa plagi bado uko njiani. Ile kokoto niliyoisikia ni mishindo hiyo, na ikiendelea inatoboa pistoni au kuvunja ringi. Tabo inabana hewa zaidi, hivyo inahitaji uvumilivu zaidi. IST ya jirani haina tabo, na ukiitilia mafuta ya okteni 100 haitakimbia kumzidi mtu yeyote. Yeye alikuwa akinunua vichupa vya kuongeza okteni kila mwezi. Nilipomweleza alininunia wiki nzima.

Sasa, ile 91. Mpwa wangu ndiye aliyeifumbua, usiku, akisoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe. Lilikuwa limetengenezwa kwa petroli ya Marekani. Okteni hupimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja, kwa njia mbili. Ya kwanza, RON, injini inazunguka mara 600 kwa dakika, kwa upole. Ya pili, MON, inazunguka mara 900 na hewa inapashwa moto, na namba inayotoka huwa ndogo. Japani, Ulaya na sisi tunataja RON. Wamarekani wanajumlisha zote mbili na kugawa kwa mbili, ndiyo namba wanayobandika kwenye pampu zao. Kwa hiyo 91 yao, kwa kipimo chetu, ni kama 95 au 96. Akiba niliyojivunia miezi minne haikuwepo. Fundi wa Dar hakunidanganya kwa makusudi. Alisoma namba bila kuuliza imepimwa kwa mzani wa nani.

Kesho yake alfajiri, barabara ya Nzega ikiwa tupu, tukaunganisha kompyuta na waya. Tulitumia RomRaider, programu ya bure ambayo watu wa Subaru wanaifahamu. Gia ya tatu, kanyagio hadi chini, kuachia, kurudia. Kontroli boksi ya gari hizi ina sikio: sensa iliyofungwa kwenye injini inasikia injini ikigonga na kurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha moto. Ina kumbukumbu pia. Inajipa alama kutoka 0 hadi 16 kwa kadiri inavyoyaamini mafuta. Yangu ilikuwa imeshuka hadi 9, na palepale presha inapojaa ilikuwa inarudisha taimingi digrii 5. Yaani ilikuwa ikijihami tangu nilipoinunua, nami nikidhani inakimbia.

Sikio hilo lisikupe usingizi, lakini. Linasikia injini ikishagonga.

Ushauri wa bure ukaanza kumiminika. Shemeji yangu wa Dar alijitolea kunitumia madumu ya petroli ya bei ghali kwenye basi. Nikamkatalia, sitaki kuwa sababu ya basi la abiria kuungua. Mwingine akasema nitafute mafuta ya ndege ndogo. Hayo yana risasi, yanaua sensa ya oksijeni, na risasi Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliachana nayo kwenye petroli kufikia mwanzo wa 2006, si ya kuirudisha mimi. Nilijaribu kichupa kimoja tu. Kiliandikwa kinaongeza pointi 30, nikaona utajiri, mpaka nilipojua kuwa kwenye vichupa hivyo pointi 10 ndiyo okteni moja. Plagi zikatoka na rangi ya kutu. Kuna pia wale wa thina ya rangi, ambao sina la kuwaambia zaidi ya kuwaonea huruma mipira ya pampu zao.

Kwa mzee nilirudi na karatasi za vipimo. Alizitazama muda mrefu, akataka mpira wa intakula, kile kipoza hewa ya tabo, ufunguliwe. Ndani ulikuwa umelowa oili. Vali ndogo inayopitisha mvuke wa injini ilikuwa imekufa, kwa hiyo injini ilikuwa inavuta ukungu wa oili pamoja na hewa, na oili ikichanganyika hivyo inakula ile okteni uliyoilipia. Hilo hata fundi wa kompyuta angeweza asilione kamwe. Vali mpya, intakula ikaoshwa, plagi mpya za baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazotoa joto haraka.

Kisha tukaandika faili upya, mpwa akiongozwa na fundi wa Dar kwa simu. Baada ya kuelezwa habari ya mizani miwili alinyamaza, akasema "Duh, kaka," halafu akafanya kazi yake vizuri na bila kutoza kitu. Presha kutoka baa 1.1 hadi 0.8. Taimingi ikarudishwa digrii 3 pale inapobeba mzigo kati ya mizunguko 3,000 na 4,500. Mimi nilitaka tuishie digrii 2. Mzee, aliyekuwa anasikiliza huku akifunga magurudumu ya Noah ya mtu, akauliza tulipima saa ngapi.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee."

"Na Sekenke ulikuwa unapanda saa ngapi?"

Tukaweka 3, na kipimo cha pili tukakifanya mchana jua likiwaka. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya bahari, na gari isiyo na tabo inapata nafuu kidogo kwa wepesi huo wa hewa. Tabo yangu inajisukumia hewa yake yenyewe, hivyo mwinuko haukunisamehe sana.

Nimebadili pia mguu wangu. Mlimani nashusha gia ya tatu mapema badala ya kuilazimisha ya nne kutoka chini, maana mizunguko midogo na presha kubwa ndipo kokoto zinapoanzia. Najaza sheli ileile ya yule mama, ambaye bado ananiita "baba wa kugonga". Petroli ya kwenye vichupa vya barabarani siigusi.

Desemba tukapeleka tena asali. Mbugani baada ya Igunga, Crown moja ikatupita kama tumesimama, dereva akanipungia mkono. Zamani ningeifuata. Sekenke tukaipanda gia ya tatu, madumu sita nyuma, madirisha wazi, nikisikiliza. Mpwa alikuwa na kompyuta mapajani.

"Kumi na sita, mjomba," akasema. Na baada ya kona: "Bado kumi na sita."