Komisheni "kodi ikiwemo" na dalali asiye na VAT

Barua ya makubaliano ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: komisheni asilimia 3 ya bei, kodi ikiwemo. Mzee mmoja ninayemwekea vitabu, dalali wa miaka mingi hapa Mombasa, alikuwa ameuza fleti ya shilingi milioni 12 huko Nyali. Haki yake 360,000. Karani wa kampuni iliyojenga fleti akamtaka alete ankara iliyochambuliwa: 310,345 ya kazi, 49,655 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Bahati nzuri alinipitishia kwanza.

"Mwanangu, si jumla ni ile ile?"

Jumla ni ile ile, baba, ila huo mstari wa pili ndio balaa. Mzee hajasajiliwa VAT. Sheria ya VAT ya 2013 inamkataza asiyesajiliwa kutoa ankara inayoonyesha kodi hiyo. Akiitoa ametenda kosa, na kodi aliyoiandika inadaiwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ndani ya siku 7 tangu tarehe ya ankara. Deni ambalo halikuwepo, analizua kwa kalamu yake mwenyewe.

Na karani alihangaikia nini? Uuzaji wa nyumba za makazi umesamehewa VAT, kwa hiyo kampuni isingeweza kudai irudishiwe VAT hiyo hata kama ankara ingekuwa halali! Madalali nao hukosea kwa upande wa pili: nyumba haina VAT, basi na komisheni haina. Komisheni ni malipo ya huduma, na aliyesajiliwa huitoza asilimia 16.

Sasa, zile 49,655 ni za nani? Kampuni ilidokeza izikate. Mimi nikasema hapana. Neno "ikiwemo" linamaanisha kampuni haitaongeza kitu juu ya 360,000, basi. Dalali asiyetakiwa kujisajili hana VAT ndani ya bei yake. Zote ni mapato yake, na zote atazitangaza kwenye kodi ya mapato. Tukatoa ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) isiyo na VAT, kampuni ikazuia asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa ajili ya KRA, yaani 18,000, ambazo mzee atazihesabia kwenye kodi yake ya mwaka.

Alichoogopa mzee ni ile milioni 5, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili VAT. Alidhani fleti moja tu imeshamvusha. Kinachohesabiwa ni komisheni za miezi 12, si bei za nyumba. Lakini akifika hapo ana siku 30 za kuomba usajili, na akijikausha Kamishna anaweza kumsajili kwa lazima. Kuanzia hapo "kodi ikiwemo" inamgeukia: katika kila 116 anayopokea, 16 si zake, na kampuni haidaiwi hata senti ya ziada.

Kwa hiyo nilimshauri aombe mkataba ujao uandikwe "VAT juu yake, itakapostahili". Kampuni ikakubali, kwa sharti asilimia ishuke hadi 2.8. Mzee akaomba kikokotoo changu. Kwa fleti kama ile angepata 336,000. Leo anapata 360,000, na akisajiliwa bila kubadili maneno atabaki na 310,345. Mwaka huu komisheni zake hazijakaribia milioni 5.

"Waambie tutazungumza Januari," akasema, akachukua kofia yake.