Kilaptopu kilichotaka kuniletea kesi, na jinsi tulivyopatana

Nianze na walioniambia ninunue tablet badala ya laptop ndogo ya kutembea nayo. Shemeji yangu alisema tablet, kijana wa stationery akasema tablet, hata mchungaji wetu akasema tablet. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuandika hisa za watu 27 kwa kidole kimoja, upepo wa Agosti unapuliza vumbi, na akina mama wanasubiri kurudi shamba.

Kazi yangu ni kuweka hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Ninavyo vinne: viwili Mvumi, kimoja Mpunguzi cha wakulima wa zabibu, na kimoja hapa Dodoma mjini, Chang'ombe. Tangu itoke Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya namna hii vimewekwa daraja la nne na vinatakiwa visajiliwe, kwa hiyo daftari la kukwaruza kwa penseli limeanza kuonekana aibu. Hapo ndipo na mimi nilipopata ugali wangu.

Laptop yangu kubwa ni ya inchi 15.6, nzito kama tofali, na betri yake ilishakufa. Ukichomoa waya, nayo inazima. Kuipeleka Mvumi kwa basi kisha bodaboda ni kuitafutia kifo. Nikatafuta ndogo ya kutembea nayo, nikaipata kwa mtu aliyekuwa anahama Area D: inchi 11.6, kilo moja na kitu, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 2, na hifadhi ya mafaili gigabaiti 32. Nilitoa laki na nusu na ushee, sikumbuki vizuri kwa sababu nilimwongezea na redio.

Shemeji alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hii si ya mtoto wa chekechea?"

Nikaumia, na kuumia huko ndiko kulikonigharimu. Nikaamua kuiongezea RAM ili nimfunge mdomo. Sikuuliza mtu. Nilikwenda mjini nikanunua kipande cha RAM cha gigabaiti 4, elfu thelathini na kitu, nikakifunga kwenye leso kama dhahabu, nikampelekea fundi. Fundi akaanza kutafuta skrubu. Tukazitafuta wote wawili. Nyingine zilikuwa zimejificha chini ya zile raba za miguu, akazibandua kwa wembe. Kifuniko kikafunguka kwa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Akachungulia. Akawasha tochi ya simu, akachungulia tena. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii RAM ulitaka tuiweke wapi?"

Hapakuwa na nafasi. Vipande vya kumbukumbu vimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na hifadhi nayo hivyo hivyo. Mashine nyingi za bei chee za ukubwa huu ndivyo zilivyo: ulivyoinunua ndivyo utakavyozikwa nayo. Nilikonunua kipande wakakataa kukirudisha. Ila humo ndani niliona jambo lililonifurahisha: hakuna feni. Laptop yangu kubwa hunyonya vumbi kila siku na kila baada ya miezi michache naipeleka kupulizwa. Hii haina pa kunyonyea. Kwa Dodoma hiyo ni heshima kubwa, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Ilikuja na Windows 10, na ilikuwa imebakiza gigabaiti 3 tu za nafasi. Kila ikitaka kujisasisha inakosa pa kuwekea mzigo, inakaa inazunguka. Na kwa vile Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, sikuona sababu ya kuibembeleza. Shemeji huyo huyo wa tablet akaniwekea Lubuntu, mfumo wa bure ulio mwepesi kuliko Windows, kutoka kwenye flashi, jioni moja tu, malipo yake wali kuku. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua mafaili yangu yote ya Excel. Siifungulii video, na kwenye kivinjari sizidishi kurasa tatu. Betri inanipa saa nne hivi.

Siku ya kwanza Mvumi tulikaa chini ya mbuyu. Kivuli kipo, lakini kioo chake kinang'aa kama sinia, najiona sura yangu mwenyewe na hesabu sizioni. Nikachukua kitenge, nikajifunika kichwa pamoja na mashine, nikaendelea na kazi humo gizani. Nikasikia nje, "Mhasibu anajifukiza!" Watoto wakaja kuangalia. Mpaka leo nikifika wananiuliza kama nimeleta majani ya mwarobaini. Lakini kitenge kinafanya kazi, kiwe cheusi cheusi, na usivae miwani, itapata ukungu.

Sasa kesi yenyewe.

Jumatano moja niliandika marejesho ya mikopo kwenye ndogo, nikarudi zangu. Jumapili nyumbani nikafungua kubwa, yenye faili la wiki iliyopita, nikaingiza faini za wachelewaji, nikapeleka faili hilo kwenye ndogo. Ikauliza kama nataka kufuta lililopo niweke hili. Nikabonyeza ndiyo, kwa sababu mtu ukiwa na sufuria jikoni unabonyeza ndiyo kwa kila kitu.

Mkutano uliofuata nikasoma madeni kwa sauti. Nilipofika kwa bibi mmoja nikasema, "Bibi, bado elfu sitini."

Kimya. Bibi hakujibu. Alifungua fundo la khanga, akatoa kitabu chake, akanipa kwa mikono miwili. "Mwanangu, soma hapo, macho yangu mabovu." Macho yake hayana shida yoyote. Pameandikwa, tena kwa mwandiko wangu: amemaliza.

Mwenyekiti akaita wenye funguo tatu, sanduku likafunguliwa, hela zikahesabiwa mara mbili. Zikazidi hesabu yangu kwa 186,000. Ni bahati kwamba zilizidi. Zingepungua, ningekuwa nasimulia habari nyingine. Hata hivyo mama mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Na akikosea upande wa pili je?" Nilijaza upya kutoka kwenye vitabu vya wanachama hadi jua likazama, na bodaboda wa usiku alinitoza anavyotaka.

Dawa nimeitoa kwenye sanduku lile lile. Mweka hazina analo sanduku lakini hana funguo. Wenye funguo hawana sanduku. Nikasema basi na faili liwe hivyo. Faili la kuandika likae kwenye flashi moja tu, iliyofungwa kwenye kamba shingoni mwangu. Kwenye laptop zote mbili ziko nakala, lakini nimeziwekea kusomwa tu na jina linaanza na tarehe. Flashi isipokuwepo, hakuna kuandika, hata nikiwa na haraka ya kufa. Jioni nikirudi, kabla ya kuvua viatu, nakala mpya inaingia kubwa na ndogo. Flashi ikipotea nimepoteza siku moja, na siku hiyo imo kwenye vitabu vya akina mama.

Shemeji anasema yapo mambo ya kuhifadhi mtandaoni, faili linajioanisha lenyewe. Ni kweli, na kwa kikundi cha Chang'ombe pengine nitajaribu. Chini ya ule mbuyu wa Mvumi simu yangu inapata mtandao nikisimama upande wa choo, na sitasimama huko na sanduku la watu.

Tangu hapo tumefanya mgao mara moja, na hesabu ilikubali hadi shilingi ya mwisho. Bibi alipokea zake, akazihesabu mwenyewe, taratibu, kwa macho yale mabovu.

Kile kipande cha RAM sikukitupa. Nimekibandika kwa gundi kwenye kamba, kando ya flashi, ili shingoni ionekane kubwa na isidondoke bila kusikika. Wanakikundi wanaamini ndicho chenye hesabu zao. Sijawasahihisha.