Albamu yetu ya rock, flashi 60 na wimbo uliokatika Kirumba

Kuna kaka mmoja hapa mjini Mwanza aliyewahi kuwasimamia wasanii wawili watatu wa bongo fleva. Ndiye aliyetuambia: "Dada, tangaza zawadi kwanza, muziki utafuata. Mtu akisikia bure haulizi bure ya nini." Tulimsikiliza kwa sababu yeye alishafanya uzinduzi na sisi tulikuwa hatujafanya hata mmoja. Naandika haya kwa sababu juzi nimesikia vijana wa Igoma wakipewa ushauri uleule, neno kwa neno, na mimi ulininyima usingizi wiki nzima na kumaliza hela ambayo mama yangu aliipata kwa kuanika dagaa.

Mimi napiga gitaa la besi. Bendi yetu ina watu wanne, na nyumbani kwetu ni Kitangiri. Mji wetu unaitwa Rock City kwa ajili ya miamba, siyo kwa ajili ya gitaa, na kila tulipoomba nafasi ya kupiga tulijibiwa kwamba rock ni muziki wa Wazungu. Jibu hilo linaniudhi mpaka leo. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Zambia, majirani zetu, miaka ya sabini walikuwa na bendi za rock za kutosha hadi muziki wao ukapewa jina lake, Zamrock, na albamu ya bendi ya WITCH iitwayo Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ukiisikia leo gitaa bado linauma. Dar es Salaam kulikuwa na bendi ya Sunburst, na albamu yao Ave Africa ya 1976 ilitolewa upya mwaka 2016, wageni wakainunua wakati sisi wenyewe hatuijui. Anayetaka kuanza kusikiliza rock namwambia aanzie hapo, Ave Africa na Lazy Bones!!, halafu ndiyo avuke bahari.

Mimi mwenyewe nilianza na kaseti ya mjomba. Alikuwa akifanya kazi kwenye meli ya Bukoba, na katika kabati lake kulikuwa na Paranoid ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, jalada limefifia kwa unyevu. Niliipenda kabla sijajua habari ya Tony Iommi, mpiga gitaa wao. Nilipoijua nikaipenda mara mbili. Alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani huko Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki aliyoiyeyusha, akaendelea kupiga. Baadaye alilegeza nyuzi ili zisimuumize, na uzito ule wa sauti mnaousikia kwenye albamu zao za baadaye unatokana kwa sehemu na hapo. Na albamu yao ya kwanza kabisa waliirekodi kwa siku moja! Kila prodyuza aliponiambia tunahitaji miezi mitatu studio nilikuwa namkumbuka Iommi.

Mambo ya kurekodi sitayaeleza sana, ni yaleyale: magodoro ukutani, umeme unakatika, unaanza upya. Ila sauti ya gitaa hatukuirekodi ndani. Nyuma ya nyumba yetu kuna miamba miwili mikubwa imeegemeana, katikati kuna uwazi mtu anaweza kupita kwa ubavu. Tulisukuma spika ya gitaa mule ndani, maikrofoni tukaifunga kwenye mti wa ufagio hatua kama sita mbele, tukavuta waya kupitia dirishani. Tulirekodi alfajiri, upepo ukiwa bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, maana ukigeuka mchana unaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Gitaa lilitoka na mwangwi ambao hakuna mashine itakayokupa. Dramu nazo: mpiga dramu wetu babu yake alikuwa mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe, na ule mguu wa ngoma ukiuweka chini ya gitaa zito unakaa kama umezaliwa pale. Hicho ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyote katika albamu hii.

Nyimbo zilikuwa tisa, dakika arobaini na kidogo. Gharama yote sikuiandika vizuri, ila ilipita milioni na nusu, na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, humo humo.

Tarehe ya uzinduzi wetu pale Kirumba niliichagua mimi, kwa kuangalia mwezi wa angani. Nilitaka wavuvi wa dagaa waje, kwa sababu nyimbo tatu zinawahusu. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza: taa zao ndizo zinazowavuta dagaa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, mitumbwi inabaki ufukweni. Kwa hiyo ukiweka shughuli yako Kirumba mwezi unapoanza kukaribia kujaa, wanaume wapo nyumbani na hela ya giza lililopita bado ipo mfukoni. Hili yule kaka wa promo aliyetushauri hakulijua. Mama ndiye aliyenihesabia siku kwa vidole.

Sasa zawadi. Tuliagiza flashi 60, kila moja imeandikwa GB 8, bei nzuri mno, kama elfu nne na kitu kila moja. Ningeshtuka hapo. Mdogo wangu alizipaka zote doa la rangi ya kucha, zambarau, karibu na tundu la kamba, ili zipendeze. Lile doa lilikuja kutuokoa, nitaeleza. Ndani tuliweka nyimbo tisa katika faili kubwa za WAV ili ubora usishuke, halafu tukaongeza video tulizopiga Capri Point, jumla zaidi ya GB moja. Usiku mzima nilikaa nachomeka na kuchomoa. Na nilizijaribu zote sitini, wala sikuruka hata moja. Nilifungua wimbo wa kwanza, nikasikia gitaa, nikaweka pembeni.

Ujumbe tuliousambaza kwenye WhatsApp ulisema watu 60 wa kwanza kufika ukumbini watapewa flashi yenye albamu nzima. Kufika Ijumaa jioni ukanirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Magu ukiwa umebaki hivi: "Flashi za bure Kirumba kesho saa kumi." Sitini haipo na albamu haipo, hata jina la bendi limekatwa.

Saa nane mchana wa Jumamosi foleni ilikuwa imetoka mlango wa ukumbi, imekata kona kwenye duka la nyavu, imeteremka kuelekea mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa. Wanafunzi, kina mama na ndoo zao, waendesha bodaboda wameegesha pikipiki mbili mbili. Wengi hawakujua kama kuna muziki. Tuligawa sitini kwa dakika kumi, na waliobaki nyuma wakaanza kusukuma mlango. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye pikipiki yake ina spika kubwa chini ya kiti, alichomeka yake palepale. Wimbo wa kwanza ukapiga vizuri. Watu wakatulia, wakaanza kutingisha vichwa, na mimi nilisimama ngazini nikihisi machozi. Akaruka akaenda wa tano, ukapiga. Wa sita ukaanza, ile sauti ya besi peke yake ambayo ni mimi, halafu ikakwaruza kama msumari kwenye bati, ikakatika. Wa saba kimya, na wa nane vilevile.

"Kanyaboya!" mtu mmoja akapaza sauti, yaani feki, na neno likaenda kwenye foleni yote mpaka chini.

Walirudisha flashi kwa kuzitupa, na moja ilinipiga begani. Mshehereshaji aliingia kwenye bajaji akaondoka na kipaza sauti chetu. Mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, pandeni mpige. Hawa wamekuja, msiwaache hivi." Tulipiga kwa jenereta, milango wazi, kiingilio tukafuta. Walibaki labda watu themanini, wavuvi wengi miongoni mwao, na walituvumilia hadi mwisho.

Usiku ule tuligombana vibaya. Mpiga dramu wetu alitukumbusha habari ya bendi ya U2, kwamba mwezi Septemba 2014 albamu yao iliwekwa bure kwenye akaunti za iTunes, duka la muziki la Apple, zipatazo milioni 500, watu wakachukia kukuta kitu wasichokiomba, Apple ikabidi itoe njia ya kukiondoa na mwimbaji wao Bono akaomba radhi. Wengine walifarijika kusikia hivyo. Mimi hapana. U2 nyimbo zao zilipiga mpaka mwisho.

Jumatatu nilikwenda Makoroboi kwa kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na memori. Alichomeka flashi yetu, akaijaza mafaili makubwa hadi ikadai imejaa, kisha akajaribu kuyasoma. Yaliyosomeka hayakufika hata robo ya GB moja. "Dada, hizi zimedanganywa," akasema. Kumbe kuna watu wanaichezea chipu ya ndani iseme ina GB 8 wakati haina. Ukinakili, majina ya faili yanaonekana yote, ukubwa unaonekana, lakini kilichozidi uwezo wake halisi hakijaandikwa popote. Ndiyo maana wimbo wa kwanza kwangu ulikuwa unapiga kila mara. Ukinunua flashi nyingi, jaza moja mpaka pomoni na usome faili la mwisho. La kwanza halikuambii kitu.

Na dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Nyimbo zetu tisa zikiwa MP3 nzuri hazifiki hata MB 100, kwa hiyo zinaenea hata kwenye flashi ile ya uongo. Tatizo lilikuwa kuwapata watu, na kuwatambua, kwa sababu jana yake walishaanza kuja nyumbani watu na flashi zao za zamani wakidai fidia. Hapo rangi ya kucha ilifanya kazi. Tulitangaza: mwenye flashi yenye doa la zambarau aende kibanda chochote kati ya vitano, Makoroboi, Buzuruga, Igoma, Mkuyuni na Kirumba, atajaziwa upya. Na yeyote aliyepanga foleni akakosa, apeleke simu yake tu, ataingiziwa albamu bila malipo. Mwenye kibanda tunamlipa sisi, mia tatu kwa kila mtu.

Lakini niliweka sharti moja, na hili nililibuni mwenyewe nikiwa kwenye daladala ya Nyegezi. Kabla hajaingiziwa, mteja achague wimbo mmoja na usikilizwe mzima pale kibandani, kwa spika ya nje, asikie kwa masikio yake kwamba haukatiki. Wenye vibanda walikubali kwa sababu spika zao zinapiga kutwa hata hivyo. Matokeo yake kwa siku nne rock yetu ilikuwa inalia Makoroboi toka asubuhi, katikati ya wauza mitumba, na kila mtu anayepita anauliza huu ni muziki gani. Nilikwenda nikanunua maji, nikakaa kwenye ngazi ya duka la mkabala kuanzia saa tatu hadi saa nane nikisikiliza tu. Nilimwona mama mmoja mtu mzima, kanga imefungwa kifuani, ana mkungu wa ndizi, amesimama jua kali hadi wimbo ukaisha ndipo akaendelea na safari.

Nilidhani watu watachagua wimbo wa kwanza, ambao ndio tulioufanyia video. Wengi walichagua wa sita. Walitaka kusikia kilichokuwa kinafuata pale ulipokatikia Jumamosi. Ni wimbo wa mke anayehesabu taa ziwani usiku na moja haipo, na sisi tuliuweka katikati tukiogopa ni mrefu, dakika sita na zaidi. Vijana wa vibandani waliacha hata kutaja namba yake.

Tulilipia watu mia nne na ushee, zaidi ya tulivyopanga, na deni la mama nilimaliza kulirudisha mwezi uliopita. Yule kaka wa promo bado hajanipigia simu.

Juma hili nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, nimebeba besi mgongoni, tunakwenda kupiga Sengerema. Mvuvi mmoja mzee alinitazama muda mrefu, akasogea karibu na mahali nilipokaa.

"Binti, wewe si wa ile bendi ya Kirumba?"

"Ndiyo, baba, shikamoo."

"Marahaba. Huko mnakokwenda, mtaupiga ule uliokatika?"