Bondi: ogopa pale palipotulia

Mgeni akitua Sydney kutoka nyumbani, wiki haiishi hajaulizia ufukwe wa Bondi. Nami sina hiyana, nampeleka. Treni mpaka Bondi Junction, halafu basi namba 333. Kiingilio hakuna, na mabomba ya kujisuuzia chumvi ni ya kila mtu. Ukiwa na chipsi zifunike, maana shakwe wa pale hawana adabu hata kidogo.

Shida yetu watu wa Pwani ni kudhani bahari ni moja. Mdogo wangu alipokuja, namwonyesha bendera, ananijibu: "Dada, mtoto wa Tanga unamfundisha kuogelea?"

Sasa Tanga, kama Mombasa na Unguja, kuna miamba huko nje. Wimbi linavunjikia hukohuko, linalofika ufukweni ni masazo. Sisi tunahesabu bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo, tunajua saa ya kupwa, basi. Bondi imeachama kuelekea Bahari ya Tasman, wimbi linakuja zima zima. Na maji yakishamwagika ufukweni lazima yarudi, yanajichimbia njia kwenye mchanga na kutoka kwa kasi kama mto. Kwenye njia hiyo mawimbi hayavunjiki sana, maji yana rangi nzito, povu linaelea kwenda nje. Asiyejua ataona ndipo pametulia, pa kumwogeshea mtoto! Njia hiyo ndiyo mkondo, na ulio maarufu kuliko yote, Backpackers' Rip, uko upande wa kusini, karibu na wanaposhukia watu wa basi.

Ndiyo maana ya zile bendera, juu nyekundu chini njano. Walinzi wa waogaji huzihamisha kadiri mikondo inavyohama, unaoga katikati yake. Wenye nguo za bluu wameajiriwa na halmashauri, wapo mwaka mzima. Wa nyekundu na njano wanajitolea, na chama chao kipo tangu 1907. Tarehe 6 Februari 1938 mawimbi makubwa yalifuatana, yakazoa mamia ya watu kwa mkupuo. Waliopolewa kama 250, watano wakafa.

Mdogo wangu aliingia nje ya bendera, maji yakiwa kiunoni. Filimbi ikapigwa, mlinzi akampungia mkono arudi. Alirudi, lakini niliona miguu inavyosukwasukwa mchangani. Ukishikwa kabisa, usipigane na maji kurudi moja kwa moja, utachoka. Elea, inua mkono, piga kelele. Aibu weka kando.

Alikaa kwenye kanga kanuna, akiwatazama vijana wa mbao za kutelezea juu ya mawimbi. Wao mkondo uleule ndio lifti yao, unawapeleka nyuma ya mawimbi bila jasho. Mara akaanza kuulizia bei ya kukodi ubao. Nikamwambia aulize kwanza bei ya mwalimu.