Siku yangu moja upande wa kulia

Saa 11 alfajiri, Benaco, Tanzania. Utingo wangu ameshagonga matairi ya lori na kukaza turubai. Chai, injini, tunaondoka. Saa 12 na nusu tupo kwenye foleni ya mpaka wa Rusumo: nyaraka, mihuri, kusubiri. Tunavuka daraja la mto Kagera saa 5 kasoro robo, na ng'ambo ni saa 4 kasoro robo, maana saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu.

Watu husema dereva wa lori kazi yake ni kukaa tu. Ningependa wakae hapa. Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia, na usukani wangu uko kulia. Ghafla niko upande wa mtaro. Nikitaka kulipita gari la mbele, naona mgongo wake tu. Anayeiona barabara ni utingo.

Leo, baada ya Kirehe, tumenasa nyuma ya lori linalopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Basi dogo nyuma yangu linapiga honi bila kupumzika. "Vipi, dogo?" "Bado, kaka." Kona. "Bado." Waendesha baiskeli wenye mikungu ya ndizi wako karibu na dirisha langu hivi kwamba nasikia wanavyohema. Mguu wa klachi unawaka moto. Kona nyingine. "Twende... hapana! Rudi, kaka, rudi!" Nikarudi. Lori la mafuta likapita, kioo cha upande wa dogo kikatetemeka. Hatukusema neno mpaka kileleni. Nimeendesha miaka 14, na kwenye mlima ule macho yangu yalikuwa ya kijana wa miaka 22. Anayemwita utingo mbeba ndoo hajui kitu.

Mchana sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Kiplefti, ule mzunguko wa barabara, neno lenyewe ("keep left") linatutuma kushoto. Huku unaingilia kulia, na jicho linaanza kushoto. Lakini magari yakiwepo, unayafuata. Pa kuogopa ni unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mkono unakwenda kushoto wenyewe. Leo ulikwenda. Dogo aliniwahi.

Giza limeingia tukiwa bandari kavu ya Masaka, pembezoni mwa Kigali. Mgongo umekufa ganzi. Dogo amebandika karatasi kwenye dashibodi, mshale unaelekea kulia. Tukirudi darajani, ataigeuza.