Tulivyopata Kliniki ya Presha ya Jioni Mtaani Kwetu Malindi

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi. Nilikuwa nikijitolea kwa miaka kadhaa kabla ya Septemba 2023, serikali ilipowatambua rasmi wahudumu wapatao 100,000 nchini kote na kutugawia mikoba yenye mzani, kipimajoto, kipimo cha presha na kipimo cha sukari. Kila mmoja wetu alikabidhiwa kaya zipatazo 100. Kabla ya mkoba huo nilikuwa nikipiga hodi na kuuliza hali tu. Baada ya kuupata nikaanza kuyaona maradhi ambayo wenyewe hawakuwa na habari nayo, au walikuwa nayo wakanyamaza.

Jioni moja nilimkuta mama mkaanga viazi karai akiwa ameshika kichwa kwa mkono mmoja na kugeuza viazi kwa mkono wa pili. Nilimwomba akae. Alijifuta unga wa dengu vidoleni, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanipa mkono. Kipimo kilisoma 178 kwa 104, presha iliyopanda mno. Nilimwacha apumzike dakika tano, nikapima tena, na tofauti ilikuwa ndogo mno. Nilipomuuliza kama amewahi kupewa dawa, alinijibu kwa upole, “Nilipewa, mwanangu. Zimekwisha tangu mwezi wa Rajabu. Kliniki ni Jumatano asubuhi, nami asubuhi niko na mahamri. Nikiyaacha mahamri, wajukuu wale nini?”

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Zahanati yetu haiko mbali, mtu huifikia kwa miguu, na yeyote atakayeitazama ramani atasema kwamba watu wa mtaa huu wamefikishiwa huduma. Lakini kliniki ya presha na sukari ilikuwa ikifanyika asubuhi moja tu kwa wiki, saa zile zile ambazo mtu wa kipato cha siku hawezi kuondoka kazini. Mwenye nyumba upande wa Casuarina, mtaa wa matajiri, humwona daktari wake saa aitakayo, kwa fedha zake. Ndani ya mji mmoja, kinachomtenganisha mtu huyo na mama yule ni saa za kufungua mlango zaidi kuliko urefu wa njia.

Jaribio letu la kwanza halikuzaa kitu, na sababu zake zinafaa kuelezwa. Katika Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne limezikabidhi serikali za kaunti zahanati, vituo vya afya, ambulansi na huduma za msingi za afya, kwa hiyo mlango wa kubisha tuliujua. Mei 2024 tulikwenda kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, watu zaidi ya ishirini wa mtaa mmoja, tukaomba kwa sauti moja tujengewe zahanati mpya. Tulisikilizwa kwa heshima, maneno yetu yakaandikwa, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, ndiye aliyetufumbua macho. Kwanza tulichelewa, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka ambao huyatangulia hutakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliopita. Pili, na hili ndilo zito zaidi, tuliomba kitu kisichokuwa dawa ya ugonjwa wetu. Jengo hulipwa kutoka fungu la maendeleo, ambalo kisheria halipaswi kuwa chini ya asilimia 30 ya bajeti. Muuguzi hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, na mishahara imewekewa kikomo cha asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ndiyo maana ukuta hupatikana kwa urahisi kuliko mtu wa kufanya kazi ndani yake. Nimeona jengo la zahanati lililokamilika likaota majani mlangoni kwa kukosa muuguzi, na waliolidai walikuwa wananchi wenzetu, kwa nia njema kabisa.

Basi nilirudi nyumba kwa nyumba nikiwa na swali moja tu: uliacha dawa kwa nini? Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu, nyingi zikiwa jioni baada ya magharibi, maana mchana nilikuta watoto peke yao. Katika kaya zangu kulikuwa na watu 16 walioanza dawa za presha wakaacha. Tisa kati yao walitaja siku na saa za kliniki, wanne walisema walikwenda wakakosa dawa, watatu walitaja fedha. Sikuandika jina la mtu yeyote, kwani siri ya mgonjwa ni amana.

Hesabu hiyo tuliitia katika waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tukaufikisha kwa msimamizi wa wadi mwezi wa Agosti na kudai nakala yenye mhuri. Ombi tuliligawa mara mbili. Kwa kamati ya zahanati na ofisi ya afya ya kaunti ndogo tuliomba kliniki ya pili, Alhamisi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, jambo lisilohitaji jengo. Kwa kaunti tuliomba muuguzi mmoja zaidi na dawa za kutosha.

Muuguzi msimamizi alikataa mwanzoni, na sikumlaumu. Walikuwa wawili tu, wamechoka, na hapakuwa na taa nje. Tulikaa naye vikao vitatu kabla ya kukubaliana kwamba atakayeshika zamu ya Alhamisi jioni ataanza kazi adhuhuri, kamati iweke taa ya sola langoni, na mlinzi abaki mpaka mgonjwa wa mwisho atoke. Kliniki ilianza Novemba 2024.

Muuguzi wa tatu alifika baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza, Julai 2025. Hakuajiriwa upya, alihamishwa kutoka zahanati ya mashambani, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa nafuu yetu imekuwa upungufu wa wengine waliokuwa nacho kidogo kuliko sisi. Nimelisema hilo kwenye kikao, mbele ya watu wa mtaa wangu ambao hawakupenda kulisikia.

Kati ya wale 16, watu 11 wamerudi kwenye dawa. Mama wa viazi karai humwachia bintiye karai kila Alhamisi ya zamu yake, na mara ya mwisho kipimo chake kilisoma 138 kwa 86. Watano waliobaki ni wavuvi wanaotoka baharini alfajiri na kulala mchana kutwa, na wengine husafiri na msimu. Wameniambia kwamba wako tayari kupimwa na kupewa dawa pale pale wanaposhushia samaki. Waraka wao nimekwisha kuuandika, nao utafika kwa msimamizi wa wadi kabla ya Agosti kwisha.