Majani Thelathini kwa Tita

Jumapili, usiku

Nimerudi kutoka Muheza jioni hii na nisingependa kulala kabla sijaandika. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, si mbali na bandari, na kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo inayokwenda nje, ambayo sehemu yake kubwa ni mkonge. Mtu akiniuliza ninafanya kazi gani humjibu kwamba mimi ni karani tu, na hilo neno "tu" nimelizoea kiasi kwamba silisikii tena linapotoka kinywani mwangu. Leo baba amelisikia.

Baba alikata mkonge kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla yake alikata babu, aliyetoka Kigoma akiwa manamba, yaani mmoja wa wale vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na ambao walilipwa kwa kipande, ile kadi iliyotakiwa kujazwa siku thelathini za kazi ndipo mtu apate ujira wake. Siku uliyougua haikuandikwa. Babu alikuja akidhani angekaa miaka miwili arudi kwao na mahari, amezikwa Muheza.

Mkonge nao ulikuja mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika pwani hii ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Baba huipenda sana hesabu hiyo na huisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeipokea ile miche 62 gatini. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani, hata kufikia mwaka 1964 nchi yetu ikawa inazalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, na kambi nyingi alizozijua baba zikabaki kuta.

Nimekua nikiitazama mikono yake. Aliondoka kambini giza halijatoka ili amalize ngwe yake kabla jua halijawa kali. Mkataji huanza na majani ya chini, hukata mwiba wa nchani, huyahesabu majani thelathini na kuyafunga tita, kisha huyabeba matita begani hadi njia ya troli, na utomvu ukigusa shingo yenye jasho huwasha mpaka usiku. Mama alimpaka mafuta ya nazi kwenye mikwaruzo, naye baba alikaa kimya akiangalia ukutani. Jani likikatwa haliwezi kusubiri, kwa sababu likikaa juani siku mbili tatu singa, yaani nyuzi zake, hazitoki vizuri kwenye korona, ile mashine ya kuchambua majani. Ndiyo maana mnyapara hakuwa na masikio ya kusikiliza habari ya mgongo wa mtu.

Kwa hiyo alituapia, mimi na kaka zangu, kwamba hakuna mwanawe atakayeshika kile kisu. Aliuza mbuzi, akauza baiskeli, nikasoma. Na lile shamba lilipobadilisha mikono, mwajiri wake wa mwisho alikizungusha kiinua mgongo chake kwa miaka minane, kikaja pungufu, kikamkuta mama ameshafariki. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa, na sioni sababu ya kuipoza.

Kilichonitatiza siku zote ni kwamba baba mwenyewe, pamoja na yote hayo, hawezi kupita kando ya shamba la mkonge bila kuchungulia dirishani. "Huyu amekata mpaka karibu na moyo," atasema, "mmea utadhoofika." Ataikosoa mistari, atayasifu matita yaliyopangwa vizuri, atamuuliza utingo kama anajua ni la nani shamba hili. Nilikuwa nikiona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu, kwa sababu niliamini kwamba mtu aliyedhulumiwa na kazi hana haki ya kuijivunia, na kwamba fahari ya baba ilikuwa sehemu ya ile dhuluma.

Leo nimekaa naye barazani, akimenya chungwa, akaniuliza habari za kazini.

"Ni zilezile, baba. Mimi ni karani tu."

Akaliweka chungwa chini. "Mwanangu, robota la singa likiandikwa uzito usio wake kwenye karatasi zako, litapanda meli?"

"Halipandi."

"Basi hiyo 'tu' umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikajishughulisha na mkoba wangu, na humo mlikuwa na shungi la singa nililopewa na kijana wa ghalani ili nifungie majalada. Baba akalichukua kabla sijamweleza ni la nini. Akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akalinyanyua kwenye mwanga, akalinusa. Akaniambia zilinyeshewa zikiwa bado kwenye waya, ndiyo maana zina wekundu huu hapa katikati, na kwamba mpiga brashi alijitahidi lakini hii haiwezi kuwa ya daraja la 3L, labda UG, lililo chini yake. Nililikumbuka lile fungu. Nililiandikia nyaraka mimi mwenyewe siku ya Alhamisi, nalo lilikuwa UG.

Nikamtazama mzee huyu ambaye hajawahi kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kadi za siku thelathini, na nikaona nilikuwa nimechanganya mambo mawili miaka yote hiyo. Dhuluma ni ya waliomdhulumu. Ujuzi ni wake, aliupata kwa mikono yake, na mimi niliyetaka auchukie ili hasira yangu iwe safi nilikuwa nikimnyang'anya kitu pekee ambacho mwajiri alishindwa kukizuia.

Akaniuliza marobota ni mangapi kwa mwezi. Nilipomtajia alinyamaza, midomo ikicheza, nikajua anahesabu. Robota ni kilo 250, akasema, na jani la mkonge karibu lote ni maji na makapi, singa ni kama kilo nne katika kila mia, kwa hiyo kila robota unaloliandika limekula tani sita na robo za majani. Mimi sikuwahi kuifikiria hesabu hiyo, ilhali tarakimu ndiyo kazi yangu.

Wakati wa kuondoka alinijazia kiroba cha machungwa, akalisokota lile shungi la singa pajani likawa kamba, akafunga mdomo wa kiroba kwa fundo la tita.

Kesho asubuhi nina shehena ya marobota 80. Nimeshaandika pembeni mwa daftari, kwa penseli: tani 500 za majani, yaliyofungwa thelathini thelathini.